Mawe Chini ya Paa

Jumamosi ile ya salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mji, mwezi wa kumi mwaka wa sabini na tano, Abibu alishusha mawe ya nyumba ishirini na tano kabla ya kufika kwake. Si kwamba aliyabeba yote kwa mikono yake. Yeye alikuwa shefu wa avenue, mkuu wa barabara ile, na kazi ya shefu ilikuwa kusimama barabarani, kusoma karatasi kwa sauti, kisha kungoja mwenye nyumba apande ngazi akinung'unika. Karatasi ilisema kwamba Jumatatu wangepita wageni wakubwa kutoka Kinshasa, na kwamba mapaa yote yanayoonekana kutoka barabarani yawe safi, pasiwe na jiwe, wala tairi kuukuu, wala gogo. Wakubwa waliona aibu wageni wakute mji wa shaba umebeba mizigo kichwani.

Kila mtu pale alijua mawe yale yalikuwa ya nini. Misumari ilikuwa imekwisha Kolwezi tangu serikali ilipolichukua duka la Mgiriki na kulipa mwenyewe mpya, ambaye aliuza vyote vilivyokuwamo, kisha akaanza kuuza rafu. Nyumba za avenue ile zilikuwa za matofali ya udongo, na mapaa yake yalikaa juu ya kuta kama kofia inavyokaa kichwani. Kilichoyazuia yasiruke upepo wa mvua za kwanza ukija ni mawe tu, mengine ya mtoni, mengine mazito ya kijani yaliyookotwa zamani kwenye mgodi wa Mutoshi.

Mwanvua, mke wa Abibu, alikuwa amesimama mlangoni alipomwona mumewe anaegemeza ngazi ukutani kwao.

"Tata Musafiri," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "hata ya kwetu?"

"Ya kwetu njo batu bataangalia ya kwanza."

"Katoto iko chini yake."

Abibu alitikisa ngazi kuona kama imesimama vizuri. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyezeeka kwa kuendesha lori kwenye barabara za mashimo, na kila alipotafuta maneno alikuwa akisogeza kofia yake ya kufuma nyuma kidogo. "Siku mbili tu, mama Musafiri. Jumatatu bageni banapita, mangaribi tunarudisha."

Katika chumba cha nyuma alilala Kadija, mke wa mtoto wao Musafiri, na kando yake mtoto wa kike wa siku kumi na moja, aliyezaliwa mwezi mmoja na nusu kabla ya wakati wake. Walimwita Asia, jina la mama yake Abibu, na kwa hiyo Abibu alimwita "mama" na kumwamkia kila asubuhi kwa heshima zote. Nesi alikuwa amempima, akamrudisha kwa bibi yake na kusema, "Huyu hana akiba mu mwili. Mumulinde na baridi na maji. Baridi moja tu inatosha kumubeba." Tangu siku ile Mwanvua alikuwa halali vizuri. Alijaza maji ya moto kwenye chupa, akazifunga kwa vitambaa, akazipanga kando ya mtoto, na zikipoa alianza upya.

Sasa alipokea mawe kutoka mikononi mwa mumewe, moja baada ya jingine, akayapanga chini ya ukuta. Paa likabaki uchi. Mwanvua alilitazama, akarudi ndani kujaza chupa.

Jumatatu wanafunzi walipangwa barabarani na vibendera, na wamama wa animasio, kikundi cha kuwachezea wakubwa, walicheza mpaka vumbi likapanda magotini. Saa tisa watoto walikuwa wamekaa chini, vibendera vikiwa kivuli chao. Wageni hawakupita. Mukalay, karani wa biro ya serikali aliyesimamia mitaa ile, alizunguka na baiskeli yake akisema labda kesho, labda kesho kutwa.

Mawe yakabaki chini. Amri ya kuyashusha ilikuja na muhuri. Ya kuyapandisha haikuwa na karatasi. Miaka ile mtu alikuwa akiambiwa jina la kujiita, nguo ya kuvaa kazini na siku ya kufagia barabara, hata akazoea kungoja aambiwe na mengine ambayo kichwa chake kilikuwa kinayajua. Mafundi, madereva, watu walioendesha mitambo mirefu kuliko kanisa, walikaa chini ya mapaa matupu wakitazama mbingu, wakimngoja karani mwenye baiskeli.

Jumanne adhuhuri Mwanvua alitoka nje kuchukua sahani alizoziosha asubuhi, akakuta zote zina unga wa kijivu. Aliupangusa kwa kidole, akauonja kwa ncha ya ulimi. Ulikuwa mkali, wenye ladha ya chuma.

"Na kwako?" aliuliza juu ya ua.

Jirani yake Mbelu, mama wa Kikasai mwenye mwili mkubwa na kicheko kikubwa kuliko mwili, aliinua sufuria yake ili Mwanvua aone. Siku hiyo hakucheka. "Kingamyambo ilishafika," alisema.

Wote wawili walijua maana yake. Mwaka mzima vumbi la vilima vya mchanga uliooshwa shaba, kule Kingamyambo, lilikwenda upande mwingine. Likigeuka na kuingia kwenye vyombo vya watu wa kwao Manika, basi upepo umegeuka, na baada ya siku mbili tatu mvua ya kwanza ingefuata njia hiyohiyo kwa ghadhabu. Mwaka uliopita vumbi lilikuja Jumanne, na Ijumaa paa la jiko la Mbelu likaondoka lote, likaenda kutua kwenye uwanja wa mpira.

Mwanvua alimpelekea mumewe sahani yenye vumbi. Hakumwambia kitu. Abibu aliitazama, akavaa abacost, koti lake la kikazi, na kofia yake, akaenda biro kuomba ruhusa.

Alirudi saa nane. Mwanvua alimwekea bukari, ugali wa kwao, na samaki wadogo, akakaa mbele yake kwenye kigoda.

"Balisema nini?"

"Balisema nikae."

"Ukakaa."

"Nilikaa. Kisha balisema ile benchi ni ya batu benye kuitwa na karatasi ya convocation, nisimame."

"Ukasimama."

"Nilisimama." Abibu alimega bukari, akaifinyanga muda mrefu mno. "Kisha Mukalay akasema nitoe kofia, juu ya heshima ya ile foto ya Prezida iko ku ukuta."

Mwanvua alisogeza kigoda karibu. Miaka thelathini aliishi na mtu huyu, na nje ya nyumba yao hakuna aliyewahi kumwona kichwa wazi, ila daktari mmoja na kinyozi. Alikiona mawazoni kile kipara chenye kovu la utotoni kimesimama mbele ya makarani vijana, akaumia kwa ajili yake. Alitaka kunyoosha mkono akiguse, lakini mtu anayekula hasumbuliwi.

"Na mawe?" aliuliza taratibu.

"Anasema kazi ya mawe ilishaandikwa mu rapport, ile karatasi ya bakubwa, kama ilishaisha. Mawe ikipanda, rapport inasema bwongo."

"Basi katoto italala chini ya rapport."

Abibu alisukuma sahani. "Mama Musafiri, mutoto wako iko njiani ya Kamina na kamio, ile lori yetu. Otorizasio, ruhusa ya kamio, inatoka kwa bale bale batu. Neno moja tu, na kamio inalala ku bariyeri ya barabara miezi sita. Tutakula nini? Ye atakula nini?" Alielekeza kidevu kwenye chumba cha nyuma. "Unazania mi siogope ile upepo?"

"Najua unaiogopa," alisema Mwanvua.

Alijua pia kwamba hakuwa mwoga. Mwoga hangeendesha lori usukani ukicheza mkononi kutoka Kasongo mpaka Kolwezi. Ila mtu aliyezoea kupigana na matope hana mazoezi ya kupigana na karatasi, na Abibu mbele ya karatasi alikuwa mtoto wa shule.

Abibu alipokwenda msikitini kwa sala ya alasiri, Mwanvua alisimama katikati ya sebule akaangalia juu. Aliona boriti, na mabati yaliyofungwa juu yake kwa waya. Akawaza kwamba wageni watapita barabarani, ndani ya magari, na hakuna mgeni wa Kinshasa atakayeingia chumbani kwa Kadija. Basi uzito si lazima ukae juu. Uzito waweza kuning'inia chini.

Alimwita Mbelu. Kwenye banda kulikuwa na kamba za zamani za lori na magunia ya chumvi yaliyokwisha. Walijaza mawe, wakarusha kamba juu ya boriti, wakavuta wote wawili mpaka gunia likainuka kimo cha kifua.

"Mama, mi nilizaa batoto saba," alisema Mbelu akihema, "lakini hii ya nane ni nzito."

"Vuta, usinichekeshe."

"Bageni bakiingia?"

"Bakiingia batakunywa maji, bataenda."

Sebuleni walitundika manne. Chumbani kwa Kadija walitundika mawili, moja kila pembe ya nje. Kadija, msichana wa miaka kumi na tisa, alikuwa amekaa kitandani na mtoto kifuani, akiyatazama yakizunguka polepole kwenye kamba zake.

"Mama," alisema, "ile ikianguka?"

"Haitaanguka." Mwanvua alisukuma kitanda mpaka ukuta wa ndani, mbali na magunia yote mawili. Hata hivyo, Mbelu alipoondoka, Mwanvua hakutoka chumbani. Alikaa chini kando ya mlango, akitazama mafundo aliyoyafunga mwenyewe. Aliogopa mawe yalipokuwa hayapo, na sasa aliyaogopa kwa kuwa yapo.

Hapo ndipo Abibu alipomkuta. Alikuwa amepita sebuleni, na Mwanvua alisikia hatua zake zikisimama kati ya magunia manne, zikakaa hapo muda. Kisha akakohoa mlangoni, Kadija akajifunika, naye Abibu akaingia. Mwanvua aliinuka. Alikuwa ametayarisha maneno, mengine makali, na mengine ya kumbembeleza.

Abibu hakumtazama. Alilisogelea gunia, akashika kamba, akafuata mzunguko wake kwa vidole mpaka kwenye fundo.

"Nani alifunga hii?"

"Mi."

"Hii ni fundo ya kuni. Kuni inalala ku kichwa, haining'inie. Hii ikitingisika mara kumi inafunguka." Akavua koti. "Leta kiti. Na ushike gunia."

Mwanvua alilikumbatia gunia kwa mikono miwili, mawe yakamchoma mbavu kupitia nguo. Juu yake mumewe alifungua fundo la kuni na kufunga fundo la lori, lile madereva walilofungia mizigo walipopanda milima, ambalo kadiri linavyovutwa ndivyo linavyokaza. Alifunga la pili. Akaenda sebuleni akafunga manne. Hakutaja amri, wala karatasi, wala Mukalay. Alipomaliza aliomba maji ya kunawa, na Mwanvua alipokuwa akimmiminia, alisema, "Kesho uongeze moja ku kona ya kwa Mbelu. Upepo inatokaka kule."

Mwanvua aliendelea kumimina ingawa mikono ilikuwa imeshatakata. Alimpenda sana saa ile, na kwa kuwa hakujua namna ya kusema, alimpa taulo jipya.

Siri ikiwa na Mbelu si siri. Jumatano saa sita hakukuwa na nyumba kwenye avenue ile isiyokuwa na mawe ndani. Watu walikula wakiinama, walisalimiana wakikwepa magunia, na ukipita barabarani uliona mapaa yamenyooka, safi, yanang'aa, kama Kinshasa ilivyotaka.

Mukalay aliyaona akafurahi. Alishuka kwenye baiskeli mbele ya nyumba ya shefu, akaingia bila kungoja kuitwa, akakaa kwenye kiti cha Abibu. Alikuwa kijana mnene wa uso, mwenye kalamu mbili mfukoni. Gunia lilikuwa linaning'inia nyuma ya sikio lake.

"Citoyen shefu," alisema, kwa maana wote walilazimishwa kuitana wananchi, "avenue yako njo ya kwanza kwa usafi. Nimeandika." Kisha akageuza shingo. "Hii ni nini?"

Abibu alifungua mdomo. Alikuwa mtu asiyejua kusema uongo, na Mwanvua aliona ukweli unapanda kooni mwake.

"Muhogo," alisema Mwanvua haraka. "Tunatundika juu ya kuogopa panya. Huku panya iko mingi."

"Manne?"

"Tuko batu bengi."

Mukalay alitazama gunia, akamtazama Abibu, ambaye alikuwa akiangalia vidole vya miguu yake. "Bageni banakuya Ijumaa. Hii ya Ijumaa ni ya kweli. Mupaka Ijumaa hakuna kitu juu." Akainuka kwa nguvu, na utosi wake ukakutana na muhogo. Sauti iliyotoka haikuwa ya muhogo. Mukalay alisimama amefumba macho, mkono kichwani, kwa muda ambao Mwanvua aliuona mrefu kuliko wiki yote.

"Ilikauka muzuri," alisema mwishowe, akatoka.

Alipokwisha kupinda kona Mwanvua alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Abibu hakucheka. "Anajua," alisema. "Sasa anangoja tu siku ya kuitumia." Akaenda kukaa nje, akitazama barabara ya Kamina.

Ijumaa ilikuwa mbali mno. Alhamisi asubuhi joto lilikuwa limekaa juu ya mji bila kupumua, kuku wakakataa kutoka bandani, na kwa upande wa Kingamyambo mbingu ilikuwa na rangi ya kutu. Watu walijitayarisha kama walivyojitayarisha kila mwaka, ila juu ya mapaa tu. Mwanvua alipika mapema ili moto uzimwe kabla ya upepo. Alifunika kioo kwa kitambaa kwa sababu ya radi, akaingiza kuku jikoni, akachimba mfereji mlangoni, akajaza chupa zote maji ya moto. Abibu alitoa turubai kuukuu la lori, akalikung'uta vumbi, akampa Kadija.

"Ikianza, we na mama mukae ku kona ya ndani, mujifunike hii. Usitoke hata nikikuita mi mwenyewe."

"Ndiyo, tata."

Saa nane na nusu, mchana ukaisha ghafla. Kwanza lilikuja vumbi jekundu, likapita barabarani kama kundi la ng'ombe, kisha ukaja upepo wenyewe, na mabati ya avenue nzima yakaanza kulia pamoja. Mwanvua alisikia nyumba yake inavuta pumzi. Sebuleni magunia yaliinuka, yakashuka, yakainuka tena. Paa la sebule lilikuwa limeongezwa baadaye, kwa boriti nyembamba; boriti moja ikapasuka, kamba zake zikalegea, na paa lote likafunuka upande mmoja kama kifuniko cha sanduku. Likasimama hewani kidogo, kisha halikuwapo. Mawe yalianguka sakafuni, na mvua ikaingia juu ya kiti cha Abibu na juu ya picha ya harusi.

"Nyuma," alisema Abibu.

Waliingia chumbani wakafunga mlango. Kadija alikuwa kwenye kona chini ya turubai, hakuonekana ila vidole vya mguu. Kwenye pembe ya kwa Mbelu, kati ya ukuta na paa, mwanga ulikuwa unaingia na kutoka. Magunia mawili ya pembe ile yalikuwa yanacheza juu chini, na kila upepo ulipopiga mwanga uliingia mpana zaidi, kidole, kisha kiganja. Maji yalirushwa kupitia hapo mpaka katikati ya chumba. Yalikuwa yamebakiza hatua mbili kufika kwenye turubai.

Abibu aliirukia kamba ya mojawapo. Aliishika juu ya gunia kwa mikono yote miwili akajiachia, na paa likashuka. Upepo ukaja tena, paa likainuka, na Mwanvua akaona miguu ya mumewe inaacha sakafu, miguu miwili myembamba inayotafuta pa kukanyaga. Kofia ilikwishaanguka. Akamkimbilia, akamkumbatia kiunoni, akakunja magoti na kuning'inia naye. Miaka yote Abibu alimtania kwa unene wake, kwamba akipanda lori lazima washushe gunia moja. Sasa unene huo ulimrudisha mumewe chini, miguu yake ikagusa sakafu, na mwanga pale juu ukafungwa.

"Usiniachilie, mama Musafiri."

"Niko hapa."

"Usiniachilie."

"Niko, baba. Niko hapa."

Uso wake ulikuwa umebanwa kwenye mgongo wa mumewe, akausikia moyo wake unavyokimbia. Hakujua walikaa hivyo kwa muda gani. Paa liliwavuta, nao wakalivuta, kamba ikiteleza kidogokidogo mikononi mwa Abibu na kuichubua ngozi yake. Hatimaye upepo ukapungua, ikabaki mvua peke yake, nzito, iliyonyooka, na paa likatulia juu ya kuta.

Mwanvua alimwachia, akaenda kwa magoti mpaka kwenye kona na kuinua turubai. Kadija alikuwa analia bila sauti. Mtoto alikuwa kifuani pake kati ya chupa mbili. Mwanvua alimgusa shingoni kwa mgongo wa mkono, akagusa miguu, akaingiza kidole ndani ya nguo. Pote palikuwa pakavu. Pote palikuwa na joto. Mtoto alipiga mwayo, akauma hewa, akaanza kutafuta titi.

"Mama iko aje?" aliuliza Abibu nyuma yake.

"Iko na njaa."

Abibu aliketi sakafuni, mikono ikitoka damu juu ya magoti, akafunika uso kwa kiwiko. Mwanvua alimwacha alie.

Mvua ilipopungua Abibu alitoka nje kama alivyokuwa, na fulana ya singleti iliyochanika, bila viatu, kichwa wazi. Mwanvua alibaki chumbani kwa sababu mtoto hakuweza kuachwa, lakini kwa upande wa sebule hapakuwa na paa tena, na upepo ulikuwa umeng'oa mlango, hivyo aliweza kuona barabara yote. Mapaa saba yalikuwa yameondoka. Paa la jiko la Mbelu, safari hii, lilikuwa limetua barabarani karibu tu. Hakuna aliyekufa. Watu walikuwa wametoka, wamesimama kwenye maji, kila mmoja kando ya rundo la mawe yake yaliyobaki nje, na wote walitazama upande wa Kingamyambo, ambako mbingu ilikuwa inajikusanya mara ya pili, nyeusi kuliko ya kwanza. Kisha wakamtazama Abibu.

Ngeleka, mume wa Mbelu, mtu mzima aliyefanya kazi miaka ishirini mgodini, alikuwa ameshika ngazi yake mkononi. Hakuiegemeza. "Shefu," aliuliza, "ku biro balishasema?"

Kabla Abibu hajajibu, Mukalay alitokea akisukuma baiskeli kwenye matope, shati limemganda mwilini. "Musiguse kwanza," alisema. "Bageni ni kesho. Mi narudia ku biro, naenda kuuliza. Mungoje."

Mwanvua aliegemea mlango wa chumba. Alimwona mumewe anapeleka mkono kichwani kuisogeza kofia, mkono ukakuta kipara, ukakaa pale kidogo. Alijua anawaza lori lililo njiani. Alijua anawaza biro, benchi, na kijana huyu mwenye kalamu mbili. Angependa kumwambia kwamba vyovyote atakavyosema hatamlaumu, na ilikuwa kweli, lakini upepo ulikuwa unaanza kuvuta tena ncha ya kitambaa chake.

Abibu aliinama. Alichukua jiwe la kijani chini ya ukuta wake, kwa mikono iliyochubuka, akalipeleka mpaka kwa Ngeleka na kuliweka kifuani pake.

"Pandisha," alisema.

Mukalay alikuwa ametoa karatasi. "Nani amesema mawe ipande?"

"Mi nimesema."

"Citoyen, nitaandika jina."

"Andika. Abibu. Kama hauwezi kuandika, juu ya karatasi yako kulowana, kesho nitakuya ku biro nikuambie tena." Akageuka kwa watu wote, na sauti yake, ambayo mkewe aliijua kwa upole tu, ikafika mpaka nyumba ya mwisho. "Pandisheni mawe. Nyumba zenye batoto kwanza."

Ngazi zikaegemezwa. Mwanvua alisikia jiwe la kwanza likitua juu ya mabati ya Mbelu, kisha la pili mahali pengine, kisha kila mahali, na hatua za mumewe zikipanda juu ya kichwa chake. Alimchukua mtoto kwa Kadija, akamfunga kifuani ndani ya kitambaa, akakaa chini ya pembe ile ambako paa lilianza kuwa zito. Mtoto alikuwa ameshiba, anafumba macho.

"Usilale kwanza, mama Asia," alimwambia. "Sikia. Ule mwenye anasema kule juu ni babu yako."